Magazeti na Hifadhidata Katika Utafiti wa Chuo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Nairobi, nami ninaandika kuhusu kanuni za matatu zilizojulikana kama sheria za Michuki. Msimamizi wangu amenirudishia rasimu akisema kwamba marejeleo yangu karibu yote ni habari za magazetini. Nilipotafuta makala za kitaaluma kwenye intaneti, nilitakiwa kulipa kwa dola. Je, magazeti hayafai kabisa? Na asiye na pesa afanyeje?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, usilipe hata senti. Makala uliyotozwa dola huenda chuo chako kimekwisha kuilipia. Ingia kupitia ukurasa wa maktaba ya chuo, kwa nambari yako ya usajili na nywila uliyopewa, kwa maana ukianzia kwenye mtambo wa kawaida wa utafutaji mchapishaji hakutambui kuwa mwanachuo. Ikiwa makala haimo, mwone mkutubi. Kuwasaidia watafiti ni kazi yake, na wanafunzi wengi humaliza masomo bila kuwahi kumwuliza lolote.

Magazeti yanafaa sana, ila kwa kazi yake. Habari ya gazeti hueleza yaliyojulikana siku ile. Kanuni zako zilitolewa mwaka wa 2003, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, zikaanza kutekelezwa Februari 2004. Ukitaka kujua jinsi abiria walivyokwama vituoni siku hizo za mwanzo, hakuna makala ya kitaaluma itakayokupa sauti zao kama gazeti la wiki hiyo. Lakini usinukuu gazeti kuthibitisha kanuni zilisema nini kuhusu vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama au mstari wa manjano. Hayo yamo katika Tangazo la Kisheria nambari 161 la 2003, na ndilo la kusomwa. Tena, magazeti matatu yakichapisha taarifa moja ya wizara, hapo una chanzo kimoja tu, si vitatu. Kosa hili ninaliona mara nyingi, na linadhoofisha kazi ambazo zingekuwa nzuri.

Swali la kama kanuni hizo zilipunguza ajali ndilo la hifadhidata, yaani mikusanyo ya makala za kitaaluma mtandaoni, kwa kuwa linahitaji mtu aliyelinganisha miaka kadhaa kwa utulivu. Hapo tafuta kwa maneno wanayoyatumia waandishi wenyewe: neno matatu limekwisha kuingia katika maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza, lakini wengine huandika mabasi madogo au usafiri usio rasmi, hivyo jaribu visawe vyote kwa Kiingereza, na jina lenye maneno mawili ulifunge kwa alama za mtajo ili lisitenganishwe. Kumbuka pia kwamba katika JSTOR, mojawapo ya hifadhidata hizo, majarida mengi hukosa matoleo ya miaka michache ya karibuni, basi usiishie hapo.

Kwa magazeti ya zamani ambayo hayapo mtandaoni, nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, au maktaba ya McMillan, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 1931. Andika tarehe na ukurasa papo hapo, kabla hujarudisha gazeti mezani.