Kizazi cha mjakazi na shamba la ukoo

SWALI: Shikamoo wakili. Mama yake babu alizaliwa Usangu mwaka 1907. Mwaka huo umo kwenye cheti chake cha ubatizo. Aliyemzaa alikuwa mjakazi. Leo ndugu wa nyumba nyingine wanasema sisi ni uzao wa mtumwa, hatuna neno kwenye shamba la ukoo. Je, bibi huyo alizaliwa mtumwa? Msomaji, Mbarali.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuzaliwa mtumwa.

Wajerumani hawakufuta utumwa kwa siku moja. Waliogopa kuwaudhi wenye watumwa, wakawa wanaupunguza kidogo kidogo. Agizo la Kansela, mkuu wa serikali ya Ujerumani, la Novemba 1901 lilimruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha, na bwana wake alitakiwa kumwachia siku mbili kwa wiki afanye kazi zake mwenyewe. Agizo la Desemba 1904 likaongeza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru. Kabla ya hapo mtoto huyo angeitwa mzalia, mali ya bwana kama mama yake.

Hebu itazame nyumba ile. Mama anasonga ugali, mtoto yuko mgongoni. Wa mgongoni ni huru, aliyembeba si huru. Kama kulikuwa na dada aliyezaliwa 1904, naye si huru, ingawa wamenyonya ziwa moja. Kila nikiyasoma maagizo haya, hapo ndipo huniuma. Mama huyo, kama hakujikomboa wala kupewa hati ya uhuru, alingoja mpaka 1922, Waingereza walipopitisha sheria ya kufuta utumwa Tanganyika nzima.

Lakini kwenye shauri la shamba, msisimame juu ya cheti cha ubatizo. Hata angezaliwa 1904, leo hakuna sheria inayomtambua mtu kuwa uzao wa mtumwa, na Katiba, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa mahali alipotokea au hali yake ya maisha. Mkianza kubishana kuhusu 1907 mtakuwa mmekubali kwamba swali lao ni halali. Ninyi elezeni nani amelima kipande kipi, tangu lini, mpaka unapita wapi. Anzeni usuluhishi baraza la kata. Ukishindikana, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kama yupo jirani mzee anayeujua mpaka huo, andikeni maelezo yake wiki hii, angali na kumbukumbu.