Barua pepe kwanza, antivairasi baadaye

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za maduka na ofisi ndogo hapa Nairobi, kuanzia Luthuli Avenue hadi Ngara, na swali ninalopokewa nalo ni lile lile: antivairasi gani ni nzuri? Mimi hujibu kwa swali jingine: barua pepe ya biashara ilifunguliwa na nani? Hapo mara nyingi watu hutazamana. Aliifungua binamu aliyehamia Mombasa, au kijana wa saiba aliyesaidia kusajili PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na namba ya simu iliyowekwa pale bado ni ya huyo kijana.

Wewe uliyeajiriwa juzi, uwe kaunta au kwenye hesabu, anzia hapo. Ukisahau nywila ya iTax, tovuti ya kulipia kodi, njia ya kupata nyingine hupitia barua pepe iliyosajiliwa. Taarifa za benki huja huko, oda za wateja huja huko, invoisi hutoka huko. Mkora akishaingia humo hana haja ya kuvunja kitu kingine. Anabonyeza "nimesahau nywila" kwenye kila akaunti, na majibu yanamfikia yeye.

Kwa hiyo mwombe bosi mrekebishe pamoja namba na anwani za kurejesha akaunti, ziwe za mwenye biashara. Nywila iwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana. Jina la duka na mwaka hata mtoto atakisia. Kisha washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Na ukienda saiba kuprinti, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Hata WhatsApp Web: nimekaa kwenye kompyuta za saiba nikakuta mazungumzo ya watu yakiendelea kuingia, bei, picha za vitambulisho, kila kitu.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wenzangu hulisahau. Duka moja la vipuri, Kirinyaga Road, lilibadilisha nywila baada ya kuingiliwa, na bado wateja wakaendelea kupokea invoisi bandia. Tulipofungua mipangilio ya barua pepe, sehemu ya vichujio (filters), tukakuta kanuni ambayo jina lake lilikuwa nukta tu. Ilikuwa inachukua kila barua yenye neno "invoice" au "payment", inatuma nakala kwa anwani ya nje, halafu inaificha ile ya asili kwenye takataka. Mwizi hakuhitaji nywila tena. Basi ukibadilisha nywila, kagua pia vichujio na usambazaji wa barua, kisha ondoa vifaa vyote vilivyobaki ndani ya akaunti.

Invoisi hizo huwa zimeiva: nembo ni ile ile, lugha ni ile ile, hata utani wa muuzaji umo. Kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki. Akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Bosi akikuharakisha, mwambie ni dakika mbili. Mkubwa mwenye busara hatakukasirikia, na asiye na busara ndiye wakora wanamtafuta.

Laini ya simu ni mlango wa pili. Mtu akifanikiwa kuihamishia laini ya biashara kwenye kadi yake, namba za uthibitisho zinamwendea yeye. Simu ikipoteza mtandao ghafla na wenzako wote wanao, usisubiri hadi jioni kuiarifu kampuni ya simu. Kwa Safaricom, piga *100*100# mapema, laini ikiwa bado inafanya kazi, kuzuia laini yako isibadilishwe kiholela kwa wakala. Wao hupigia wateja kutoka 0722 000 000. Anayejiita wa huduma kwa wateja akitumia namba nyingine, kata. Ujumbe wa kitapeli usambaze kwa 333.

Kaunta nayo: mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usiuamini huo. Angalia wa kwako au salio la Till, namba ya duka ya kupokea malipo. Ijumaa jioni foleni ikiwa ndefu ndipo wanapokuja, na huja na haraka nyingi.

Kompyuta yenyewe sasa. Windows ya bure ya kwenye flashi, ile inayotaka uzime ulinzi ndipo "ikubali", iache. Unaingiza mgeni usiyemjua. Masasisho yapokee. WannaCry, virusi vinavyofunga mafaili hadi ulipe, vilipoenea Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, sasisho la kuziba tundu, tangu Machi mwaka huo huo. Walioumia wengi hawakuwa wamekiweka. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine ya stoo ambayo bado inaitumia ina haja ya kuangaliwa. Nakala za hesabu ziwekwe kwenye diski ya nje, na ikimaliza kunakili ichomolewe. Ikibaki imechomekwa, virusi vinavyofunga mafaili vitafunga nayo.

Ukibofya kitu kisha ukashuku, chomoa kebo ya mtandao au zima waifai, halafu sema saa hiyo hiyo. Usifiche. Taarifa za wateja zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwenye biashara saa 72, tangu ajue, za kumwarifu Kamishna wa Data. Namba za benki, za fundi na za mwenye duka ziandike kwenye karatasi, ubandike ukutani karibu na soketi. Siku barua pepe ikitekwa, zile ulizohifadhi humo hutazipata.