Kazi ya Manchester kwa £40,000: je, viza imenipunguzia mshahara?

SWALI: Habari mshauri. Mimi ni mtengeneza programu hapa Kampala, nina miaka 25. Kampuni moja ya Manchester imenipa kazi ya miaka 3 kwa £40,000 kwa mwaka, na itanidhamini viza. Tangazo lao lilikuwa la £48,000 kwenda juu. Nilipouliza, walijibu kwamba udhamini una gharama. Je, sheria inawaruhusu? Pia kampuni nyingine huuliza kwenye fomu kama nitahitaji udhamini. Rafiki yangu ananishauri nijibu hapana ili nisichujwe mapema. Msomaji, Ntinda.

JIBU: Ndugu yangu, hongera. Kupata wa kukudhamini ukiwa bado Ntinda si jambo dogo.

Sheria inawaruhusu, ila sababu waliyokupa haitoshi. Tangu Julai 2025, mshahara wa chini kwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi Uingereza ni £41,700, au kiwango kilichowekwa kwa kazi husika kama ni kikubwa zaidi. Wewe uko chini ya hapo, na karibu nina hakika ni kwa sababu ya umri wako. Anayeomba kabla ya kufikisha miaka 26 huhesabiwa kuwa ndiyo kwanza anaanza kazi, na mwajiri anaweza kumlipa asilimia 70 ya kiwango cha kazi hiyo, mradi asishuke chini ya £33,400.

Sasa tupige hesabu ya hizo gharama. Cheti cha udhamini ni £525. Tozo ya kuajiri mgeni ni £1,320 kwa mwaka kwa kampuni kubwa, na £480 kwa ndogo. Kwa miaka 3, kampuni kubwa italipa £4,485. Wewe utakuwa umepungukiwa £24,000 ukilinganisha na tangazo. Hata ukiongeza ada ya wakili, hesabu hizo hazikaribiani. Na wasikukate malipo ya cheti na tozo kwenye mshahara, kwa kuwa sheria inakataza.

Kilicho juu yako ni ada ya viza na mchango wa afya, £1,035 kwa mwaka, na wa miaka yote 3 hulipwa kwa mkupuo kabla hujasafiri. Mchango huo pekee ni zaidi ya shilingi milioni 13 zetu. Kampuni ikikulipia, tafuta kwenye mkataba kifungu cha kurudisha fedha ukiacha kazi mapema, ukisome neno kwa neno.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni mwaka wa tatu. Wakati wa kuongeza viza utakuwa na miaka 28, na punguzo la umri halitakuhusu tena. Kampuni italazimika kukupandisha hadi kiwango kamili, la sivyo haitaweza kuendelea kukudhamini. Kazi ikiisha, kwa kawaida unabaki na siku 60 za kupata mdhamini mwingine mwenye leseni, uombe viza upya na kulipa upya, au uondoke nchini. Mwenzako raia akiona mshahara hautoshi anahamia kampuni ya jirani mwezi ujao. Wewe huwezi, na bosi wako anajua huwezi. Hapo ndipo udhamini unapobana mshahara, miaka ya katikati, wakati nyongeza zinatolewa kwa wanaoweza kuondoka.

Kwenye fomu, sema kweli. Mwajiri wa Uingereza lazima ahakiki kibali chako kabla hujaanza kazi, maana akimwajiri asiye nacho anaweza kutozwa faini ya hadi £45,000 hata kwa kosa la kwanza. Utapita usaili wote, kisha ukwame mlangoni. Tumia muda huo kutafuta kwenye orodha ya wadhamini wenye leseni, ambayo serikali yao huiweka wazi mtandaoni, na uhakikishe kampuni yako imo.

Kama una subira, itazame Ujerumani pia. Kwa watu wa kompyuta, Kadi ya Bluu, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wageni wenye taaluma, mwaka 2025 ilihitaji mshahara wa takriban €43,760. Baada ya miezi 12 unabadilisha kazi kwa uhuru, na ukifika B1, yaani kiwango cha kati, cha Kijerumani unaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21. Goethe-Zentrum hapa Kampala wanafundisha lugha hiyo.

Kabla hujasaini, waandikie watu wa Manchester: mshahara upande kila mwaka kwa kiasi kilichotajwa ndani ya mkataba, na ufike kiwango kamili kabla ya siku ya kuongeza viza. Wakikubali kwa simu tu, omba waandike.