Vidoa vinavyoelea machoni: maswali yenu ya wiki hii

Nina miaka 56, nikiangalia angani naona kama vinzi vyeusi, nikivifuata vinakimbia. Ni nini?

Mzee wangu, ndani ya jicho kuna ute mzito kama ule mweupe wa yai bichi. Umri ukienda unasinyaa, vinyuzi vyake vinashikana na kivuli chake kinaangukia kwenye retina, ule utando wa kule nyuma unaopokea picha, ndo hivyo vinzi vyako. Kama ni vilevile vya siku zote havina shida, utavizoea, ila kapime mara moja ujue.

Simu inasababisha?

Hapana.

Niweke matone gani viondoke?

Jamani hili swali tena! Hakuna matone ya kuviondoa, hayapo. Na hayo mnayouziwa bila cheti mengine yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ukiyatumia muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na mshipa wa kuonea unakufa taratibu, ukifa haurudi.

Juzi usiku niliona mwanga kama radi pembeni ya jicho, asubuhi vidoa vingi kama masizi. Hakuna maumivu, nisubiri mshahara?

Usisubiri, dada, nenda leo, azima hela. Retina haiumi hata ikichanika, kwahiyo usijipe moyo eti mbona siumwi. Ute ukijivuta unaweza kuichana, na ikiwa bado ni tundu tu wanaziba kwa leza unarudi nyumbani siku hiyohiyo, ukichelewa maji yanapenya nyuma yake inabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, unaona pazia linashuka. Namjua fundi cherehani aliyekaa wiki 3 anaweka matone, alipofika hospitali pazia lilishafika katikati, wakamfanyia operesheni lakini leo uzi anatungiwa na mwanae. Na usiishie duka la miwani, pale wanapima namba tu. Tafuta daktari bingwa wa macho, Dar kuna hospitali za CCBRT na Muhimbili, Moshi KCMC, Kenya kuna Kikuyu, na ukifika mapokezi sema kabisa "nimeona radi" wasikupange foleni ya miwani.

Mama ana sukari, anasema anaona kama moshi mwekundu jicho moja.

Hiyo inaweza kuwa damu imevuja ndani ya jicho, mpeleke leo. Mwenye sukari anatakiwa kupimwa retina kila mwaka hata kama anaona vizuri, wengi mnapima sukari kidoleni basi. Msindikize, watamweka dawa ya kupanua mboni, ataona ukungu kwa masaa kadhaa na jua litamuumiza, mbebee kofia.