Mwanangu anakunywa methadoni: ni dawa au ni ulevi mwingine?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Temeke, Dar es Salaam. Kijana wangu wa pili alitumia unga miaka mingi, akajidunga mpaka mishipa ya mikono ikaharibika. Sasa kila asubuhi anakwenda hospitali kunywa methadoni, dawa wanayopewa walionaswa na unga, na tangu aanze hajaiba kitu ndani. Shemeji zangu wanasema ameacha unga wa mtaani ameshika unga wa serikali, na kwamba swala zake hazipandi. Mdogo wake bado yuko maskani. Kuna vijana hupita kuwagawia sindano mpya, na mmoja wao nilimwambia anachuma dhambi. Juzi huyu mdogo kakamatwa na kete, kesi iko mahakamani, na baba yake anasema tumwache afungwe ili akome. Naomba hukumu ya haya yote. Tena Ramadhani inakuja: huyu anayekunywa dawa asubuhi atafungaje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana mama, na Allah akulipe kwa subira yako.

Heroini, yaani huo unga, ni haramu, kidogo chake na kingi chake, na anayeiuza anakula pesa ya roho za watu. Muuzaji simtetei popote katika jibu hili. Nitakayoyasema yanamhusu mtu aliyekwisha kunasa, ambaye mwili wake haumwachi hata nafsi yake ikitaka kuacha.

Shemeji zako wameshika hadithi isemayo kwamba Allah hakuweka ponyo ya umma huu katika alivyouharamishia. Hadithi tunaikubali. Lakini maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuisoma peke yake. Waliruhusu kujitibu kwa kilicho najisi, isipokuwa khamri yenyewe, pale ambapo hakuna dawa safi ya kushika nafasi yake na mjuzi wa tiba amethibitisha hivyo, na dalili yao ni watu wa kabila la Urayna waliougua, ambao Mtume s.a.w. aliwaelekeza kwenye mikojo ya ngamia wajitibu. Wakazungumzia pia mkono uliooza unaotakiwa kukatwa, na ikaruhusiwa kumpa mgonjwa kitu cha kumwondolea akili wakati wa kukata. Methadoni ni ya ukoo mmoja na mofini wanayopewa wagonjwa wa saratani pale Ocean Road. Sijapata kumsikia mtu akimwambia mgonjwa wa Ocean Road kwamba swala zake hazipandi.

Tena suala lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Imamu Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, sawa na 1567 Miladia, ambaye sisi watu wa mwambao huu tunamtegemea katika fiqhi kuliko karibu mwanachuoni mwingine yeyote, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea kula afyuni, utomvu ambao heroini hutokana nao, mpaka akawa akiikosa anaangamia. Akajibu kwamba mtu huyo akilijua hilo kwa yakini, kula inakuwa halali kwake, bali inakuwa wajibu, kwa sababu amelazimika kuihifadhi roho yake, kama aliyelazimika kula mzoga. Kisha akaongeza sharti: apunguze kidogo kidogo, mpaka tumbo liachane na mazoea yake bila kuhisi, na asipofanya hivyo anapata dhambi. Fatwa hii ilivuka madhehebu. Ibn Abidin wa Damascus, ambaye ni Hanafi, aliinukuu zaidi ya miaka mia mbili baadaye na kuikubali.

Zingatia, mama: hapo wanazungumzia afyuni yenyewe, kitu kile kile kilichomnasa mtu. Mwanao hanywi hicho. Anakunywa dawa ya maji iliyopimwa kwa ajili yake, kwenye kikombe kidogo, mbele ya nesi, na akishameza anaambiwa aseme neno ili ionekane hakuificha mdomoni. Dozi hiyo hukaa mwilini siku nzima na zaidi. Inaizuia arosto, yaani kule kutokwa na kamasi, kuharisha, viungo kuuma na usingizi kupotea, mambo yanayomfanya mtu amuibie hata mamaye. Kipimo kikishatulia kwa mtu aliyezoea hakimpi lewo, na wewe umekwisha kuliona hilo nyumbani kwako.

Kuna jambo moja sitaki kulifunika. Sharti la Ibn Hajar la kupunguza lipo, na wapo madaktari wanaosema baadhi ya wagonjwa hukaa kwenye methadoni miaka mingi, pengine bila kuiacha. Mimi naona hivi: wajibu wa kupunguza unafuata uwezo, kwani Allah anasema, "Mcheni Mwenyezi Mungu kama mwezavyo" (64:16). Anayeujua uwezo huo ni daktari wake, si shemeji wala imamu wa mtaa. Ukimlazimisha ateremke haraka, naye akarudi kwenye unga, umemtoa kwenye salama umemtia kwenye maangamizo. Mwanao aweke nia ya kuacha siku moja, na kila akionana na daktari aulize, "Nimefika pa kupunguza?" Akiambiwa bado, hana lawama.

Ila akiificha dozi akaiuze, hiyo ni haramu na ni khiyana. Na akiichanganya na pombe au vidonge vya kutuliza kama valiamu, basi amerudi kwenye ulevi, tena ulevi wa kuua, maana mchanganyiko huo huzima pumzi usingizini. Mwambie waziwazi, wala usimwonee haya.

Ama swala, kipimo kimo ndani ya Qur'ani: "Msikaribie Sala, hali mmelewa, mpaka myajue mnayoyasema" (4:43). Akisimama anajua amesoma sura gani na yuko rakaa ya ngapi, swala yake ni sahihi. Wanaotaja hadithi kwamba mnywa pombe swala yake haikubaliwi siku arobaini waimalizie, kwa sababu ndani yake mna kwamba akitubu Allah humpokea. Tena hata huyo anayetumia unga hadi leo swala haimdondoki shingoni. Kumwambia mtu "usiswali, hazipandi" ni kumfungia mlango pekee uliobaki wazi. Zama za Mtume s.a.w. kulikuwa na mtu akiletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi na kuadhibiwa. Siku moja mtu mmoja akamlaani kwa kuwa analetwa mno. Mtume akasema wasimlaani, kwani ajuavyo yeye mtu huyo anampenda Allah na Mtume wake. Na katika mapokezi ya Abu Hurayra, "Msimsaidie Shetani dhidi ya ndugu yenu." Zote mbili ziko kwa Bukhari.

Sasa sindano. Hapa ndipo hata masheikh wenzangu wanapovutana, na aya wanayoishika ni "wala msisaidiane katika dhambi na uadui" (5:2). Ingekuwa kijana yule anagawa unga, au anamhimiza mtu ajidunge, aya ingemkaa sawasawa. Lakini mdogo mtu hakosi sindano. Asipopata mpya atajidunga kwa ya mwenzake, yenye damu mbichi ndani ya bomba, na humo mnapita virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Kesho anaoa, mkewe anabeba maradhi, na mtoto anazaliwa nayo. Dhambi ya kujidunga iko pale pale, na ni yake. Kinachoondolewa na sindano safi ni madhara yaliyokuwa yaangukie na watu ambao hawajagusa unga maishani.

Mnakumbuka bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume s.a.w. Masahaba walimwinukia. Mtume akawazuia, akawaambia wamwache amalize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale. Maulamaa wakaeleza: angekatizwa angedhurika mwenyewe, na najisi ingesambaa msikiti mzima. Hakuna aliyefahamu kwamba Mtume aliruhusu watu wakojoe msikitini. Ni madhara mawili, likachaguliwa jepesi, na makemeo ya upole yakaja baadaye, wakati wa kufaa.

Kwa hiyo kijana yule muombe radhi. Mimi ninamtaka mambo mawili tu: akigawa mpya azikusanye zilizotumika, zisiachwe uchochoroni wanakochezea watoto, na asiondoke maskani bila kuwaambia kliniki iko wapi.

Nchi za Kiislamu zimekwisha kulipita jambo hili. Iran, mwaka 2005, vyombo vyake vya sheria viliwaagiza waendesha mashtaka wasiingilie programu za methadoni na za sindano. Najua yupo atakayesema hao ni Mashia. Haya, twende Malaysia, Mashafii wenzetu: methadoni ilianza 2005, sindano 2006, na Kuala Lumpur upo msikiti, Ar-Rahman, uliofika kutolea dawa hiyo msikitini penyewe, mgonjwa akaja kwa dozi akabaki kwa swala na darsa. Sisi Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, Zanzibar ikafuata 2015, na bado misikiti mingi humfukuza teja barazani.

Nije kwa baba na kesi. Hasira yake naielewa. Mtu akiuziwa sufuria zake mara ngapi atachoka. Lakini jela kwa mgonjwa wa unga ina hatari ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Akikaa miezi bila kutumia, mwili unasahau. Siku anatoka anarudia kipimo chake cha zamani, na kipimo hicho sasa ni cha kumuua. Wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi. Baba anataka mtoto akome, na huenda akaletewa maiti.

Kisheria ya dini, maulamaa wa Shafii wanasema vilevi vikavu kama afyuni na bangi havina hadd, yaani adhabu maalumu iliyowekwa na matini. Vina taaziri, yaani adhabu iliyoachwa kwa rai ya kadhi, na lengo la taaziri ni kurekebisha. Wapo waliosema kinyume, Ibn Taymiyya miongoni mwao, lakini sisi tuko kwenye kauli hiyo. Basi hakimu akiona tiba ndiyo itakayomrekebisha mtu, hajatoka nje ya sharia. Marekani walianzisha mahakama ya namna hiyo mjini Miami mwaka 1989: mshtakiwa anapelekwa kwenye matibabu badala ya jela, anarudi mbele ya hakimu mara kwa mara, mkojo unapimwa, akikamilisha kesi inafutwa na akikaidi jela inamngoja. Kenya nayo, sheria yake ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inampa hakimu nafasi ya kumpeleka mraibu aliyetiwa hatiani kwenye kituo cha tiba. Tiba ya aina hii ina fimbo nyuma yake, na sioni ubaya. Mtu mwenye arosto mara nyingi hahitaji mawaidha marefu, anahitaji kujua Jumatatu ataulizwa.

Kwa hiyo msimtelekeze kizimbani. Baba yake aende kliniki anakotibiwa kaka yake, aombe mdogo apimwe na waandikiwe barua, kisha wakili au ustawi wa jamii wamsaidie kuiwasilisha kwa hakimu na kuomba tiba. Ikiwa kweli alikuwa anauza, hilo ni jingine, na sheria ichukue mkondo wake.

Ramadhani: kwa kuwa dozi hukaa siku nzima, mwanao aende sasa hivi, kabla mwezi haujaandama, akamuulize daktari kama anaweza kunywa baada ya futari au kabla ya alfajiri. Asihamishe saa wala kugawa dozi kwa akili yake. Ikiwa kliniki hutoa asubuhi tu, anywe asubuhi, yeye ni mgonjwa, na atalipa siku hizo atakapoweza. Daktari akisema hali yake ni ya kudumu, haitarajiwi kuondoka, atatoa fidia ya kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. "Mwenyezi Mungu anakutakieni yaliyo mepesi wala hakutakieni yaliyo mazito" (2:185). Siku ambayo hakufunga asile hadharani mbele ya shemeji zako, asije akawapa la kusema. Tarawehe aende.

Wallahu aalam.