Kuachwa teknolojia mapema kwenye Civilization IV

Yakhe, umesema kwenye Civilization IV, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga dola, miji unayo lakini wapinzani wanakupita teknolojia mapema; dawa yake ni biashara ya teknolojia tu. Chukua Uandishi kwanza mfunguliane mipaka, halafu Alfabeti ndo ifungue biashara ya teknolojia, ama nenda Esthetiki maana wapinzani wanaochezeshwa na kompyuta hawana haraka nayo, ukiwa nayo peke yako umpe mwenye Alfabeti akupe yake, kisha wachuuzie wote zamu hiyohiyo, ukingoja yule wa kwanza atawauzia yeye na wewe ubaki kutoa macho. Kwa viongozi wa mchezo, Mansa Musa ndo mchuuzi haswa, huyo hakawii kukubali dili.

Ila angalia nani hapatani na nani! Ukimuuzia adui mkubwa wa Montezuma, huyo Montezuma atakuwekea kinyongo na yule hana simile, utaona tu jeshi limefika. Dini pia usibadili ovyo kama jirani yako ni Isabella, yule kiongozi anayejali dini. Na usinunue kila kitu, hesabu ya teknolojia ulizopewa inawekwa, kuna siku watagoma waseme umeendelea kupita kiasi, sasa kama nafasi umezimaliza kwa vitu vya bei rahisi shauri yako.

Mie huku Lamu na stima zetu hizi za kukatikakatika, kila dili nasevu kwanza.