Nimemfundisha mwenyewe kushona, leo anataka chuo kikuu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, kibaraza changu kiko Ngamiani, na kazi hii naifanya mwaka wa 22 sasa. Binti yangu wa pekee amemaliza kidato cha sita. Nilianza kumfundisha akiwa darasa la tano, leo anashona gauni la bitana bila kuniuliza. Sasa anataka kwenda chuo kikuu kusomea mitindo. Shemeji zangu wanamcheka, wanasema ushonaji ni wa waliofeli, tena cherehani si ipo nyumbani. Nilipomuuliza ni kitu gani sijamfundisha akanijibu, "Mama, wewe unashona. Hubuni." Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimewaza kuuza ovaloki, mashine yangu ya kufunga kingo za nguo, na cherehani ya pili nimlipie ada, asije akasema nilimzuia, lakini moyo unagoma. Nifanye nini? Mama Fundi, Tanga.*

Marahaba, mwanangu.

Ovaloki usiuze. Cherehani ya pili nayo iache ilipo. Nalitanguliza hilo kwa sababu nimeogopa mnunuzi asije akafika kabla ya majibu yangu. Habari ya ada tutaifikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza habari za chuo, lakini kinachokukosesha usingizi ni lile neno "hubuni". Nalijua neno la namna hiyo, kwa sababu mimi niliwahi kulisema. Mama yangu alikuwa anadarizi kofia, kazi ya wiki nyingi kwa kofia moja, usiku kwa mwanga wa kandili. Nikaenda chuo, nikarudi na cheti, na siku moja nikamsahihisha mbele ya mteja wake juu ya bei. Hakunijibu. Aliizungushia kofia kitambaa akaingia nayo ndani. Sijaisahau ile sura, na yeye hayupo tena nimwombe radhi. Binti yako bado anayo nafasi hiyo, na wewe ndiye wa kumpa. Mwambie neno lake limekuuma. Usimwachie alikisie kutokana na ukimya wako.

Tena amekosea. Mteja anakuja na picha kwenye simu, aliyevaa kwenye picha ni mrefu kama mnazi, mwenyewe ni mfupi ana nyonga, na mkononi ana yadi tatu za kitenge. Unatazama kidogo, unahamisha mkato wa kiuno juu, unapanua pindo la chini, anatoka pale anapendeza kuliko wa kwenye picha. Ukipewa kanga ushone gauni, unajua mji uangukie wapi, pindo lipite wapi, na jina likae pahali pa kusomeka, lisikatwe na mkasi wala lisikaliwe. Hakuna aliyekuchorea hayo. Yamo kichwani mwako, nayo ni ubunifu mtupu.

Sasa nimsemee na yeye, kwa sababu ana hoja ambayo hakuipatia maneno.

Wewe unamkatia nguo mtu aliyesimama mbele yako. Futi kamba iko shingoni, kifua kikibana unafumua, kikipwaya unapunguza, kesho anapita kujaribu tena. Kiwandani unamkatia mtu asiyekuwepo. Unachora patani ya saizi moja kwenye karatasi, kutoka hiyo unatoa ndogo zake na kubwa zake, na kila saizi ina hesabu yake: kiuno hakikui sawa na bega, na kwapa halikui sawa na urefu. Halafu kitambaa kinalazwa tabaka juu ya tabaka na kukatwa kwa mara moja. Ukikosea nusu inchi kwenye karatasi, umeikosea kwenye mashati yote. Hesabu hizo hatukuzirithi kibarazani, maana kibarazani hazikuhitajika.

Kuna na nguo yenyewe. Unajua kwa mkono kwamba pamba inavumilika kwenye joto la Tanga na polista inamchemsha mtu. Chuoni atajifunza sababu: unyuzi wa pamba hunywa jasho, wa polista hautaki maji. Atajua kwa nini kitambaa kingine kinarudi kikifuliwa, kwa nini kitenge hiki kinachuja na kile hakichuji, kwa nini sketi iliyokatwa kwa mshazari inaning'inia vizuri lakini inavutika ukiitundika. Nchi yetu inalima pamba, na sehemu kubwa yake inasafirishwa ghafi, kisha tunanunua kitambaa cha wenzetu. Sisi wa Tanga tunajua zaidi ya wengi jinsi unyuzi unavyoweza kuubeba mji mzima. Mkonge ulifika pwani hii mwaka 1893, katika miche 1,000 iliyoagizwa ikasalimika 62, na kutoka hiyo yakatokea mashamba yaliyowalisha babu zetu na kuwatesa pia. Mtoto wa hapa anapotaka kuelewa uzi unavyogeuka nguo, mimi namwona anatafuta jambo la kwao.

Ila mhakikishe anajua anachokwenda kusoma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya ubunifu na teknolojia ya nguo, na iko upande wa uhandisi. Maana yake atakutana na sayansi ya nyuzi, rangi na mitambo, na kama kichwani mwake anaona jukwaa na taa tu, atalia mwaka wa kwanza. Kabla hajajaza fomu yoyote afungue mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu, asome sifa za kozi hiyo mstari kwa mstari, na azilinganishe na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo aliyosoma kidato cha sita, na alama alizopata. Kama tahasusi haikubaliki, mjue sasa. Kuna wanaovuka Horohoro kwenda Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta wana idara ya mitindo, lakini gharama za ugenini si za kukisia, pigeni hesabu ya chumba na chakula pia. Kozi ya ushonaji ya VETA, vyuo vya ufundi stadi, ni nafuu na nzuri, ila kwa mtoto anayeshona gauni la bitana, ngazi ya mwanzo itamrudisha alipokwisha kupita.

Na hapo VETA nina neno lako wewe. Wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti cha ujuzi walionao. Nenda VETA ya Tanga ukaulize kama ushonaji umo kwenye awamu hii. Miaka 22 inastahili karatasi yake.

Ada sasa. Bodi ya Mikopo hufungua dirisha katikati ya mwaka. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, fomu isainiwe serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, na mdhamini awe na namba ya NIDA. Wengi hukwama kwenye karatasi hizi hata kabla ya kuulizwa hali ya nyumbani. Mkopo usipotosha, ile ovaloki ndiyo itakayomtumia nauli na hela ya vitambaa kila mwezi. Ukiiuza utamlipia muhula mmoja, halafu muhula wa pili mtaulipa na nini?

Sitakuficha kwamba shahada hii haimpi mtu ajira mlangoni. Viwanda vya nguo nchini ni vichache na mitumba imejaa kila soko. Anayeishi kwa kazi hii baada ya chuo ni yule anayejua kukata, kuuza na kuvumilia, na mawili katika hayo ameyaona kwako.

Shemeji zako waambie kwa utulivu kwamba Mustafa Hassanali alisomea udaktari, akachagua mitindo, na mwaka 2008 akaanzisha maonyesho ya mitindo ya Swahili Fashion Week. Hakuwa amefeli kitu.

Binti akiondoka, kazi za Idd utachoka peke yako, hilo sikatai. Tafuta mwanafunzi mwingine wa kukaa kwenye hiyo cherehani ya pili kuanzia sasa, binti akiwepo amfundishe yeye.

Kisha kaeni wawili Ijumaa jioni, kibaraza kikifungwa. Wabunifu wengi huombwa waonyeshe kazi zao, kwa hiyo anunue daftari kubwa. Kila ukurasa abandike picha ya nguo moja mliyoshona, kipande cha kitambaa chake, na mchoro wa namna ilivyokatwa. Atakwama kwenye zile nguo zako, maana hazina mchoro popote. Atalazimika kukuuliza, "Mama, hapa ulifanyaje?" Umweleze taratibu, na chini ya kila ukurasa wa namna hiyo aandike jina la aliyeibuni. Kisha niandikie, nataka kujua tahasusi yake imekubalika au la.

Shangazi